Wimbo Wenye Pengo

Kufikia saa nne asubuhi Kipkoech alikuwa amekwisha kuua watu sita. Wawili aliwamalizia mlangoni pa benki, mmoja kichakani, na hao watatu wengine sikuelewa vizuri kosa lao. Kisha akavua hedifoni, akaurekebisha mkufu wake mnene wa rangi ya dhahabu, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama chai yangu ilikuwa na sukari ya kutosha.

Nikamwambia iko sawa, aendelee na kazi yake.

Tulikuwa katika studio ya Mathew, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo hapa Kapkatet, kuta zake zimebandikwa trei za mayai toka sakafuni hadi darini ili ngurumo za malori ya majani chai zisiingie kwenye nyimbo. Mathew hurekodi kwaya. Ndiye aliyerekodi yetu, na safari hii alinipigia simu akasema kuna kijana anatoa albamu na anataka sauti yangu, si ya mwingine. Albamu ilikuwa na jina tayari, Damu na Umande. Damu ilikuwa ya Kipkoech. Umande ulikuwa mimi: kila alipomaliza kuimwaga, niliingia kwa sauti laini kutuliza mambo, vile ninavyofanya kanisani mhubiri anapozidisha moto wa jehanamu.

Sikujifanya mjuzi wa muziki huo. Nilichuma majani chai miaka ishirini na miwili, hadi mashine zilipokuja zikachukua mistari yetu ya chai, na muda wote huo starehe yangu ilikuwa kwaya. Hata hivyo, siku ya kwanza nilipomsikia nilifurahi, maana nilidhani nimemwelewa. Kanisani kwetu kila Jumapili kuna nafasi ya ushuhuda. Mtu husimama akaeleza alivyokuwa mwizi na mlevi, alivyolala mitaroni, alivyowatisha watu kwa panga, na kadiri dhambi zinavyokolea ndivyo sisi tunavyosogea ukingoni mwa viti, kwa sababu tunajua wokovu u karibu. Nikamsikiliza Kipkoech vivyo hivyo. Nikamngojea aokoke. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu. Wimbo ukaisha naye bado jambazi.

Nikauliza ataokoka lini. Mathew alicheka hadi akashika mbavu. Kipkoech hakucheka. Alinieleza kwa adabu kwamba huo ndio mtindo wenyewe, kwamba rapu ya namna hiyo husema ukali wa maisha, na si lazima mwimbaji awe ameyatenda anayoyasema. Yeye hubeba maziwa kwa pikipiki huko kwao Chepalungu, na bunduki ameiona mabegani mwa askari tu. Nikamwambia basi asihangaike, ushuhuda wa uongo hata sisi kanisani tunao.

Nilitania, lakini jina la Chepalungu lilikuwa limeshanichoma. Ndugu yangu Sagini aliuawa huko miaka minane iliyopita, katika soko moja dogo la mifugo. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Siku hiyo alikuwa amenunua mtamba mmoja mwekundu, anamwongoza kwa kamba, mtu fulani akapiga kelele za mwizi na watu hawakungoja kusikia zaidi. Kibali chake cha ng'ombe kilikutwa mfukoni, kimekunjwa vizuri, muhuri juu. Mimi ndiye niliyemwosha, kwa hiyo majeraha yake nayajua moja moja hadi leo. Tulipokwenda kuuliza, kila mmoja alisema alifika mambo yakiwa yamekwisha. Soko zima, mchana kweupe, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwepo. Sikutaka kesi wala fidia. Miaka minane nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwamba alikuwepo.

Uchungu huo sikumwekea kijana wa watu. Mtu hachagui anakozaliwa. Tulifanya kazi Jumamosi nne, tukamaliza nyimbo nane, na sitaficha kwamba nilianza kumpenda. Kila alipokuja aliniletea chupa ya maziwa akaiweka karibu na mkoba wangu. Nilikuwa nimeona pia kwamba hanitazami usoni, nikadhani ni heshima.

Jumamosi ya tano, baada ya kuwaua wale sita katika wimbo wa tisa, alisema umebaki wimbo mmoja. Mathew akauliza maneno yako wapi. Kipkoech akajibu kwamba maneno hayajakamilika, ila ana tuni, na hiyo tuni ndiyo huyu mama ataimba. Akaomba biti izimwe. Akainamisha kichwa, akaimba kwa kinywa kilichofumbwa.

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiweka chini.

Wimbo ule haumo kitabuni wala redioni. Mama yangu aliutunga mwenyewe, kwetu Kisii, kwa ajili ya ng'ombe wake mmoja aliyekuwa mkaidi kukamuliwa. Aliuimba bila maneno, akikamua. Katikati alinyamaza, kwa sababu hapo ndipo alipoinuka kwenda kumfungulia ndama; ndama akishafika kwa mama yake, yeye aliumalizia wimbo akiwa amesimama na ndoo mkononi. Sisi watoto tuliukariri hivyo hivyo, na pengo lake. Tulikuwa wawili tu, mimi na Sagini. Na sasa kijana huyu wa Chepalungu alifika katikati, akanyamaza kwa muda uleule, kisha akaendelea.

Nilimtuma Mathew mkate. Alisema mkate upo, nikamwambia nataka wa moto. Mlango ulipofungwa nikamuuliza Kipkoech wimbo huo aliutoa wapi.

"Nilisikia tu, mama. Kwa soko."

"Soko gani?"

Aliuvua ule mkufu wake akaukunja mkononi, akausogeza hadi ukaingia kwenye ngumi.

"Unajua mimi ni nani?" nikauliza.

"Najua. Nilikuona ile siku mlikuja kuuliza kwa soko. Ndiyo maana niliambia Mathew nataka wewe."

Katika nyimbo zake alitamka kila herufi kama msomaji wa taarifa ya habari. Sasa ulimi wa kwao ulirudi, na sauti ikawa ya mtoto. Aliniambia alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisikia kelele, akakimbia na wengine, akaokota jiwe kwa sababu kila mtu alikuwa ameokota. Alirusha moja. Akaliona likifika. Kisha gari la polisi likasikika kwa mbali, watu wakatawanyika, na yeye akabaki pale pale. Sagini alikuwa amelala ubavu, kamba bado imezunguka kiganja chake, na yule mtamba anaivuta kwa hofu. Ndipo akamsikia akimwimbia ng'ombe.

"Alikuwa anaimba pole pole, na ile ng'ombe ikatulia," Kipkoech alisema. "Akifika hapo katikati akanyamaza. Mimi nikafikiri ameenda. Halafu akaanza tena, akamaliza. Akarudia kutoka mwanzo. Akafika tu hapo hapo, akanyamaza."

"Na akaanza tena?"

"Hapana, mama. Nilingoja. Hakuanza."

Niliuliza kama aliomba maji. Akasema hakuomba. Akasema angeomba angemletea, kisha akafikiri akasema hajui, pengine asingemletea. Nilimwamini kwa sababu ya hilo la pili.

Nilimchukia kabisa, na wakati huohuo nilitaka aseme tena jinsi ng'ombe alivyotulia. Nikaelewa zile nyimbo tisa zilikuwa za nini. Kijana huyu alikuwa amejizungushia maiti za uongo, za benki na za vichakani, ili ile moja ya kweli isionekane katikati yao. Nami nilikuwa nimemsaidia kuzipamba.

"Jiwe lako lilimpata wapi?"

Akainua kidole, akagusa kichwa chake mwenyewe, juu kidogo ya sikio la kushoto.

Jeraha hilo nililijua. Lilikuwa dogo, na nilipoliosha maji yalirudi kuwa safi upesi kuliko kwa mengine. Sasa lilikuwa limempata aliyelitia. Mengine kumi bado hayana watu.

Alisema yuko tayari nimpeleke kituoni, hata sasa, pikipiki iko nje. Nilimwambia kituo hakihami. Nikamwambia kwanza aingie kwenye kile kibanda cha kioo chenye maikrofoni aseme kama alivyoniambia mimi, bila madoido, na amtaje mtu kwa jina lake. Akaniuliza kama baadaye nitaimba. Nikamjibu ukweli, kwamba sijui.

Mathew alirudi na mkate wa moto, akamkuta Kipkoech ameshasimama mbele ya maikrofoni. Kijana alisema yote kwa pumzi fupi fupi, jiwe, kamba, mtamba mwekundu, Sagini. Kwa jina alikwama, akalirudia. Mathew, ambaye hakujua lolote, alisema sehemu hiyo imelegea, akapendekeza atie milio ya risasi kama kwenye nyimbo nyingine. Kipkoech akakataa. Akatoka kibandani, akaniachia mlango wazi, akaenda kukaa chini ukutani penye zile trei za mayai, magoti yake yakiwa kifuani.

Nilivaa hedifoni. Zilikuwa bado na joto la masikio yake. Mathew akaniashiria kwa kidole, nami nikaanza, pole pole kama alivyoanza mama, na sauti ikaja yenyewe. Niliiona ndoo, na povu la maziwa, na Sagini mdogo ameshika mkia wa ng'ombe ili usimpige mama usoni. Nikafika katikati. Nikanyamaza.

Nyuma ya kioo Mathew alinitazama, akainua nyusi, akidhani nimesahau. Kipkoech aliinua kichwa kutoka magotini. Nusu ya pili ilikuwa mdomoni mwangu, nzima. Haikuwa imeimbwa na mtu wa kwetu tangu siku ile sokoni, na nilijua nikiiachilia itamfikia kila mtu chumbani, na Kipkoech akiwemo.

Mathew alipeleka mkono kwenye mtambo. Nikainua wangu, asizime.