Kinyota Chekundu kwenye Jina la Baba

Ofisini walimwita Babu Violezo, ingawa kichwani hakuwa na mvi hata moja. Kampuni yao ilikuwa na chombo ambacho mafundi wa kila mahali walikitumia kutengenezea programu za simu, na kazi yake ilikuwa kukiongezea uwezo. Aliandika violezo, yaani fomu na kurasa zilizokwisha kuandaliwa, ili fundi asianze na ukurasa mtupu. Aliandika pia programu-jalizi, vipande vidogo vya kuchomekwa baadaye ili programu ifanye jambo ambalo haikuzaliwa nalo. Kiolezo chake cha kusajili watu kilikuwa kimenakiliwa na zahanati, shule, vilabu vya michezo, na Mungu ndiye ajuaye nani mwingine. Miaka minne, hakuna aliyelalamika. Alijivunia hilo kupita kiasi, na mwenye kujivuna hasikii mengi.

Jumatano asubuhi dada yake akampigia. Dada alikuwa mshonaji, mtu wa maneno machache na mkasi mkali. Siku hiyo mkasi ulikuwa mdomoni.

"Wewe si ndiye mtu wa programu za simu?"

"Ndimi, dada. Kuna nini?"

"Hii ya shule anayohamia mwanangu. Nimejaza kila kitu, nimefika kwenye jina la baba, haisogei. Kuna kinyota chekundu kimenikodolea macho tangu jana. Na usajili unafungwa Ijumaa."

Baba wa yule binti wa dada alimkana kabla hajazaliwa, na jina lake halikutajwa nyumbani kwao tena. Ukoo mzima ulijua.

"Umewauliza shuleni?"

"Nimekwenda. Karani ananiambia, 'Andika jina lolote, mama, ili mfumo ukubali.' Nikamwambia mwanangu hana baba wa jina lolote."

"Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

Dada alishusha sauti. "Ameniuliza kama wasio na baba wanasajiliwa kwingine."

Babu Violezo aliomba picha ya ile fomu. Ilipofika, akaitambua. Pembe za visanduku, mpangilio wake, hata yale maandishi mekundu ya "Tafadhali jaza sehemu hii", yote yalikuwa kazi ya mkono wake. Alikuwa ameiga fomu aliyojaziwa na baba yake alipoanza shule, nyota kwa nyota, bila kuuliza.

"Nitaangalia, dada," alisema. Hakusema zaidi ya hapo, na aliona aibu kwa kutosema.

Kukiondoa kinyota kwenye kiolezo kulikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini maji yakimwagika hayazoleki: kila aliyenakili kiolezo alikuwa na nakala yake, na nyota yake. Kilichoweza kuzifuata nakala zile ni programu-jalizi, ya kuingia ndani ya kila programu na kukifungua kile kisanduku. Kufikia saa nane mchana ilikuwa tayari. Sasa ilibaki mafundi wakubali kuiweka, na mwenye programu ya shule ile alikuwa mmoja kati ya mamia. Akaandika tangazo, akalipeleka kwa mama aliyekuwa mkuu wake.

Mama yule alilisoma mara mbili. "Hapa unasema 'nilikosea'. Sema 'maboresho madogo'. Wakisikia kosa, watauliza yamebaki mangapi."

"Maboresho madogo hakuna anayeyaweka, mama. Hata mimi siyaweki."

"Basi weka jina lako, si la kampuni."

"Ndilo nililoweka."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tangazo likatoka hivi: "Nililazimisha jina la baba. Nilikosea. Wapo watoto ambao fomu zenu zinawakataa kwa sababu yangu. Tafadhali wekeni hii leo."

Alhamisi majibu yakaanza kuingia. Wengi walisema tu, "Tumeweka." Fundi wa zahanati moja alikuwa amepekua kumbukumbu zao, akamtumia, bila majina ya wenyewe, yale ambayo watu walikuwa wameyaandika ndani ya kisanduku kile. Hayupo. Sijui. Nukta tatu. Mimi ndiye mama na baba. Mmoja aliandika: Msiniulize. Babu Violezo aliyasoma yote, moja moja. Kumbe malalamiko yalikuwepo siku zote, ila yeye hakuwahi kufungua kisanduku.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, simu ikalia. Nyuma ya sauti ya dada cherehani kilikuwa kinaimba.

"Imekubali! Nimeparuka pale, haikusema kitu. Ahsante, mdogo wangu. Sijui umewafanyaje hao watu, lakini umetuokoa."

Angeweza kunyamaza. Nani angemwambia? Watu wa cherehani hawasomi matangazo ya mafundi wa programu.

"Usinishukuru, dada. Kile kinyota nilikiweka mimi."

Cherehani kikanyamaza.

"Wewe?"

"Miaka minne iliyopita. Fomu ni yangu."

"Ulipokuwa unakiweka, huyu mwanangu alikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Na kila Jumapili alikuwa anakula sahani moja na wewe."

"Ndiyo."

"Basi mwambie mwenyewe."

Akasikia simu ikipokewa na mkono mwingine.

"Mjomba?"

"Nilikusahau," akamwambia.