Safari Hii Hidaya Aliulizwa

Idrisi alikuwa na bucha Majengo, Embu mjini, na kutwa nzima kisu hakikumtoka mkononi. Lakini sista Angeline, mkunga wa kliniki ya hospitali, alipotaja upasuaji, Idrisi aliibana mikono yake katikati ya magoti.

Mkewe, Hidaya, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza, Abubakr, alizaliwa kwa operesheni miaka minne iliyopita. Mambo yalikwenda mbio: Idrisi akatia sahihi, Hidaya akalazwa usingizi, na alipozinduka mtoto alikuwa ameshavishwa na kubebwa na nusu ya ukoo. Hakumwambia mtu, lakini kwa wiki kadhaa alimtazama yule mtoto akijiuliza kama kweli ni wake.

"Kovu lako ni moja na limepona vizuri," Angeline alisema. "Mtoto ameshatanguliza kichwa. Unaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, mradi uwe hapa hospitalini, maana kovu likianza kufumuka hatuna muda wa kupoteza. Au tupange siku ya operesheni. Hatari za kila njia nimekueleza. Wewe unataka ipi?"

"Operesheni," Idrisi akadakia.

"Ajaribu," mama yake, Zuleka, akasema papo hapo. "Mimi nimezaa watano. Huyu naye amzae mwenyewe."

Hidaya akamgeukia mama mkwe wake. "Kwani Abubakr alizaliwa na nani, mama?"

Zuleka akainama, akajitengeneza leso ambayo haikuwa imelegea.

"Nitajaribu," Hidaya akamwambia Angeline. "Lakini nikisema imetosha, iwe imetosha. Msingoje mwingine aseme."

Angeline akayaandika maneno hayo kwenye faili, kisha akamsomea.

Uchungu ulianza asubuhi moja ya Jumanne, Hidaya akimfunga Abubakr viatu vya shule. Kufikia saa nne walikuwa wodini. Idrisi alimsugua mgongo hadi vidole vikamwuma. Kila mara Angeline alisikiliza moyo wa mtoto. Lakini saa tisa ilipofika, njia ya uzazi ilikuwa imefunguka sentimita sita tu, na imesimama pale pale tangu adhuhuri.

Daktari Kithaka akavuta kiti, akaketi karibu na kitanda. "Mtoto bado yuko sawa. Tunaweza kungoja kidogo tukiendelea kumwangalia, au twende chumba cha upasuaji sasa. Unaonaje?"

Idrisi akafungua mdomo. Hidaya akamshika mkono. "Nyamaza kidogo, baba Abubakr."

Akafumba macho. Alikuwa amedhani saa hii ikija atajiona ameshindwa. Alijichunguza, hakuiona aibu yoyote. Aliona tu kwamba amechoka, na kwamba anataka kumwona mtoto wake.

"Imetosha," alisema. "Twende. Lakini nisilazwe usingizi."

"Tutakudunga sindano ya mgongoni, utakuwa macho," daktari akamjibu. Hidaya akatia sahihi mwenyewe, kati ya uchungu na uchungu, jina likapanda juu ya mstari.

Katika chumba cha upasuaji walitundika kitambaa mbele ya kifua chake. Zamu ya Angeline ilikuwa imekwisha, lakini alibaki kumshika mkono. Hidaya alihisi kuvutwavutwa, bila maumivu, kisha akasikia kilio kikali cha hasira.

"Msichana," mtu alisema, na mtoto akawekwa shavuni pake, amelowa, bado na utelezi.

"Nimekuona," Hidaya alinong'ona. "Nimekuona kabla ya wote."

Kesho yake Zuleka alikuja na chupa ya uji wa mtama. Alimkuta mkwe wake akijaribu kuketi, meno ameyauma. Akaweka chupa chini, akampitisha mkono mgongoni, akamwinua taratibu kama anayeinua kitu cha kioo.

"Nilisema vibaya kule kliniki, mwanangu," alisema. "Umezaa wawili, na wote ni wako."

Hidaya alimlalia begani, akalia kidogo, na Zuleka akaacha leso yake ilowe.

Siku ya kuruhusiwa, Idrisi alimpakata Rukia, binti yake, na mkono mwingine akamshikilia mkewe kiuno. Kutoka wodini hadi langoni ni mwendo mfupi, lakini walisimama mara nne. Kila Hidaya aliposimama, Idrisi naye alisimama, wala hakumwuliza wataendelea lini.