Shikamoo ya Nasreen

Laiti Nasreen angekuwa na matusi, watu wangeshamzoea. Lakini kabla ya kila mechi ya mpira wa vikapu, binti huyu wa miaka kumi na sita kutoka Frere Town aliwapitia wapinzani wake mmoja mmoja, akawapa mkono kwa adabu zote.

"Shikamoo, dada Mweri."

"Marahaba," Mweri alijibu. Mtoto huyu jina la Mweri kalijulia wapi?

Mweri, nahodha wa timu ya Chaani, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa anaogopa. Mwaka jana Nasreen alimpokonya mpira hadi mashabiki wakachoka kucheka. Na leo, pembeni mwa uwanja, alikaa Bi Nafula, kocha wa chuo kimoja cha Nairobi, aliyekuja kutafuta mchezaji wa kumsomesha bure. Mweri akiikosa nafasi hiyo, atarudi Miritini kuwauzia chai madereva wa malori, akiitazama treni ya Nairobi ikiondoka na wengine.

Chaani walicheza kwa woga mtupu. Kila aliyepata mpira aliuachia upesi kama kifuniko cha sufuria ya moto.

"Fungeni jamani! Mwangoja nini?" Kocha wao, Nicanor, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nani athubutu, na mkono mrefu wa Nasreen uko kila mahali?

Zikiwa zimebaki sekunde chache, Chaani wako nyuma kwa pointi moja, Nasreen alimgonga mlinzi wa Chaani akienda kufunga. Kosa la tano! Refa akamtoa, kama sheria inavyotaka. Akaenda benchi, akajifunika taulo, na Chaani wakashangilia utadhani wameshashinda.

Mpira ukarushwa, ukamfikia Mweri chini ya kikapu. Mbele yake hapakuwa na mtu. Ulikuwa mpira wa kufunga hata macho yakiwa yamefumbwa. Akainua mikono, na hapo hapo akahisi pumzi shingoni, akauona mkono ule ukija. Akautupa mpira kando, kwa mwenzake aliyekuwa hatazami, ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Mweri aligeuka nyuma haraka. Hapakuwa na mtu. Kule pembeni, Bi Nafula alikuwa anafunga mkoba wake.

Nasreen akaja, taulo begani, akanyoosha mkono.

"Pole, dada Mweri. Mbona hukufunga? Mimi si nilikuwa nimekaa?"

"Marahaba," Mweri alijibu, ingawa safari hii hakuna aliyemwamkia.