Siku Kijiji Kilipopimwa Shida

Hospitali ya Nairobi, ile iliyonitia figo la ndugu yangu Muli, ilileta habari kwa naibu wa chifu kwamba mtu atakuja kukipima kijiji chetu, kule juu ya vilima vya Nuu. Si kunipima mimi, kupima kijiji. Watu waliotiwa figo walikuwa wakirudi makwao na kufa, na wakubwa wakataka kujua wanaishi mahali pa namna gani: maji yako umbali gani, nyumba zimeezekwa nini, mgonjwa akizidiwa nani atamshika mkono. Walio mahali pagumu zaidi wangeletewa dawa na muuguzi mpaka Mwingi, mji wetu wa karibu, kila mwezi. Wengine wangeendelea kuzifuata Nairobi.

Mimi ningefia njia ya Nairobi, nilijua hivyo. Safari ya mwisho nilitapika dawa zote kabla ya kufika Thika, na daktari aliyasoma majibu ya damu yangu mara mbili. Basi nilimngoja huyo mpimaji kama tunavyongoja mvua ya Novemba. Shida tulikuwa nazo za kutosha. Kazi ilikuwa kuzionyesha tu.

Na nilikuwa peke yangu. Nilipotoka hospitali nilikatazwa kukaa na watu wenye kikohozi, na kunywa chochote nisichokichemsha mwenyewe. Jirani yangu Kaluki akaniletea uji kwenye kibuyu, nikaukataa. Nilimweleza sababu, lakini nani husikia sababu akiwa ameshika kibuyu kilichokataliwa? Ikawa mimi, Muthoki, nina maringo. Baadaye nilipokonda, ikawa Muthoki ana ule ugonjwa wa siku hizi. Watu wakawa wananisalimu kutoka barabarani, miaka miwili mizima. Wanawake wakipita kwenda kuchota maji, nilisikia vicheko vyao vikizimika mbele ya ua wangu. Upweke hauzoeleki. Wanaosema unazoeleka wana watu nyumbani.

Asubuhi ya siku yenyewe nikasikia punda uani. Aliyewaswaga alikuwa Kaluki, na nyuma yake kikundi chetu kizima cha mwethya, wale wa kusaidiana kulima na kujenga. Walikuja na mapipa ya maji, viti vya sofa na vitambaa vyake, redio, na kuku wawili.

"Hii yote ni ya nini?" nikauliza.

"Mgeni anakuja kupima sisi," Kaluki akasema bila kunitazama. "Atuandike maskini, halafu aende acheke na watu wa Nairobi? Hiyo haiwezi."

Ndivyo tulivyo. Kwetu mgeni haonyeshwi njaa. Hata mwaka wa ukame atapikiwa kuku wa mwisho, na wenyeji walale na heshima yao tumboni. Ningewafukuza. Ulimi wangu unajulikana mpaka sokoni. Lakini mmoja alikuwa anasugua sufuria yangu, mwingine ananiuliza chumvi iko wapi, na nilifurahi, nikaenda kumletea.

Mpimaji aliitwa Bwana Abdulkadir, mtu wa pwani, ofisa wa ustawi wa jamii. Kuku hakumla, kwa kuwa hakuchinjwa na Mwislamu mwenzake. Aliomba radhi kwa adabu nyingi, akanywa chai. Kaluki alinuna kidogo.

"Maji mnayapata wapi?" akauliza.

"Maji iko," Kaluki akanitangulia kujibu, akionyesha mapipa. "Haitusumbui sisi."

Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu, na foleni ya kisima ilianza kabla ya jua kuchomoza.

Bwana Abdulkadir akanigeukia. "Bi Muthoki, ukizidiwa una nani? Majirani huja kukujulia hali?"

Kaluki alikuwa ameketi kando yangu. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Huyu ni mwiitu wa mwaitu," akamwambia mgeni. Binti wa mama yangu. Kwetu ndiyo kusema dada wa tumbo moja.

Nilijua ningesema nini. Sina mtu: maneno mawili, na dawa zingefika Mwingi. Lakini ukiwatoa madaktari, hakuna aliyekuwa amenigusa. Kiganja cha Kaluki kilikuwa kikavu kwa kazi, kina joto. Ningesema sina mtu, angekiondoa.

"Huja," nikasema. "Kila siku."

"Alhamdulillahi," akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Kule Tseikuru nimemwacha mgonjwa asiye na hata wa kumpa maji ya kunywa. Dawa zitaanzia kwa wale. Wewe Bi umejaliwa watu. Tutaonana Nairobi."

Gari lake lilipoondoka, wanawake walipiga vigelegele. "Tumepita," Kaluki akasema.

Kisha wakaanza kukusanya vyao. Viti vikabebwa vichwani, mapipa ya maji yakafungwa kamba, punda wakapakiwa. Nilisimama mlangoni nikiwapokeza vitu vyao kimoja kimoja, ili wachelewe. Kaluki ndiye aliyebaki mwisho, akiosha vikombe vyake vya chai na kuvipanga kwenye beseni. Alipojitwisha beseni, kikombe kimoja kilikuwa bado kipo chini.

"Umesahau kimoja," nikamwambia.

"Hicho ulinywea wewe," akasema, kwa upole kabisa. "Kaa nacho tu."

Nikamwambia asante.