Saba ya Vitus

Pedali ilikuwa mbele ya kiatu changu cha kulia, na Vitus, mpiga ngoma wetu, hakujua ni ya nini. Alidhani ni ya gitaa langu la besi. Ninazo mbili za besi, nani angeishangaa ya tatu?

Lilikuwa wazo la Irfan, mpiga gitaa wetu, na mimi mjinga nililikubali. Asubuhi ile tulipokuwa tukitoka Mbeya kwenda Iringa tulisimama Makambako kunywa chai. Vitus akavuka barabara kutafuta mahindi ya kuchoma, ndipo Irfan akanivuta pembeni.

"Eva, sikia. Leo tunarekodi albamu mbele ya watu, mara moja tu, hakuna kurudia. Jamaa akipotea kwenye ule wimbo wa mwisho tumekwisha. Ngoma zote nimeziweka kwenye laptop. Nikikupa ishara ya kichwa, wewe kanyaga pedali mwanzo wa mzunguko. Laptop inapiga, fundi mitambo anazima maiki zake."

"Na yeye Vitus?"

"Atapiga hewa mpaka wimbo uishe. Baada ya leo tunamshukuru, tunatafuta mwingine."

"Una roho mbaya wewe."

"Nina albamu mimi. Yule ni mtoto wa kwaya, Eva. Watu wakimpigia makofi anawafuata, ndivyo alivyolelewa."

Hapo alikuwa na hoja. Muziki wetu ni metali, roki nzito ya magitaa makali, tena ile ya mahesabu, ambayo wimbo mmoja hubadili mwendo hata mara sita na shabiki akitaka kutikisa kichwa lazima kwanza afikiri. Irfan kazaliwa kwa ajili yake. Anapiga gitaa kama baba yake anavyopima misumari dukani kwao Mbeya, hakuna wa ziada, hakuna uliopungua, na midomo yake haiachi kuhesabu, moja mpaka saba, moja mpaka saba. Tusajigwe, mwimbaji wetu, ni mwembamba wa kupeperuka, lakini akiunguruma utaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine. Mimi napiga noti chache na nzito. Kazi yangu ni kusimama katikati ya gitaa na ngoma ili visigombane.

Vitus hahesabu. Alijifunza ngoma kwenye kwaya ya Kilutheri kwao Ilula, na kule mpiga ngoma hamwachi msharika nyuma. Bibi mmoja akichelewa kofi, ngoma inamsubiri. Tulipomletea wimbo wa mapigo saba alihangaika wiki nzima, Irfan akimfokea namba, mpaka siku moja akaja anatabasamu. Alikuwa ameufunga kwa safari ya kwenda kwao. Ma-ka-mba-ko, nne. I-lu-la, tatu. Tangu hapo hakuwahi kupotea mazoezini. Lakini mazoezini hakuna makofi.

Ukumbi wa Iringa ulijaa mapema kuliko tulivyotegemea. Mstari wa mbele walikaa wanafunzi wa vyuo wenye fulana nyeusi. Nyuma yao wakaingia akina mama wanane wenye vitenge vya sare, na wa kwanza wao, mama mzazi wa Vitus, akamnyooshea mikono, akamsalimu Kihehe.

"Kamwene, mwanangu! Nimekuja na wenzangu wa kwaya. Tumekuja kukusaidia makofi."

"Kamwene, mama. Karibuni sana," Vitus akasema, akainama kupokea mkono wake.

Irfan akanitazama.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda salama, kwa sababu akina mama walikuwa bado wanashangaa. Tusajigwe alipounguruma mara ya kwanza mmoja wao alishika shavu. Ukaja wimbo wa mwisho. Gitaa likaanza peke yake, saba safi kabisa, nikaingia mimi, akaingia Vitus, na ukumbi ukawaka. Mama yake akasimama. Akawageukia wenzake, akainua mikono juu ya kichwa, wakaanza.

Makofi ya pambio. Nne, nne, nne. Walipiga kwa upendo wote walionao, na wanafunzi wa mbele, waliozaliwa na kulelewa kwenye makofi hayo hayo, wakadakia. Ukumbi mzima sasa unapiga nne juu ya saba yetu, kwa nguvu, kwa furaha, na nikamchukia kila mmoja wao.

Nikamtazama Vitus. Alikuwa anamtazama mama yake. Mguu wake wa kushoto, unaobana matoazi, ukaanza kwenda nao. Nne, nne, nne.

Irfan akatikisa kichwa kunipa ishara. Kanyaga.

Mguu wangu uliinuka. Nilisikia ngoma na gitaa vinaachana, jambo baya kulisikia ukiwa katikati. Irfan akatikisa tena, macho yamemtoka. Nikakaza masikio kwenye mikono ya Vitus peke yake, nikatamka moyoni Makambako, Ilula, Makambako, Ilula. Ikaingia. Nikarudia. Ikaingia tena. Mguu aliwapa akina mama, ili mama yake asiachwe nyuma, na mikono ilikuwa bado safarini, saba isiyopungua hata nukta, na kila mizunguko minne mguu na mikono vilikutana mahali pamoja kisha vikaachana tena.

Aliyepotea alikuwa Irfan. Namba zake zilikuwa zimemezwa na makofi. Nyani haoni kundule! Akatikisa kichwa mara ya tatu, kwa hasira, anakaribia kunipigia kelele.

Nikaushusha mguu kando ya pedali.

Vitus aliona gitaa linayumba. Hakuona kingine. Akainama kwenye maiki yake, akaita kwa sauti kubwa, "Makambako! Ilula! Makambako! Ilula!" Midomo ya Irfan ikasimama, ikaanza upya kwa maneno yale, na kwenye Makambako ya tatu gitaa likarudi mahali pake. Tusajigwe akaunguruma juu yetu sote. Akina mama wakapiga vigelegele. Sijawahi kufurahi hivyo jukwaani, na nililia bila aibu.

Watu walipotoka, Vitus akaanza kukunja nyaya. Huwa anakunja za kila mtu, hatujawahi kumwomba. Akakunja wa besi, akakunja wa pili, akaufuata waya wa tatu kutoka kwenye pedali yangu mpaka kwenye laptop iliyokuwa wazi nyuma ya spika. Akasoma jina la wimbo kwenye kioo, na chini yake neno "ngoma". Irfan alikuwa anafunga begi lake la gitaa kwa muda mrefu mno.

"Hii ingepiga badala yangu?" Vitus akaniuliza mimi, si Irfan.

"Ndiyo."

"Alikuambia ukanyage?"

"Mara tatu. Sikukanyaga, Vitus. Nilijua uko sawa, sikukanyaga."

Akaukunja waya vizuri, duara juu ya duara, akanikabidhi mkononi.

"Lakini mguu uliuweka, dada Eva. Tangu wimbo wa kwanza."

Mama yake alikuwa anamsubiri mlangoni na wenzake, bado wanaimba kwa sauti ya chini. Akampokea begi la vijiti, wakaondoka kwenda Ilula. Sisi tulirudi Mbeya watatu, ngoma zake, alizoziacha bila kuziulizia, zikiwa nyuma ya gari.