Mshipa wa Kidole cha Nne

Msomi hakuvisha pete kama wanavyovisha watu wengine, dakika mbili, picha tatu, kwisha. Alianzia Misri ya kale. Akashuka taratibu mpaka kwa Warumi, goti moja chini sebuleni kwa mama mkwe mtarajiwa, na goti lenyewe likaanza kumtetemeka kabla hajafika katikati. Alieleza kwamba duara halina mwanzo wala mwisho. Alieleza kwamba pete huvaliwa kidole cha nne cha mkono wa kushoto kwa sababu hapo pana mshipa unaokwenda moja kwa moja hadi moyoni, mshipa wa mapenzi, ambao watu wa kale waliujua na sisi tumeusahau.

Sista, aliyekuwa amenyoosha mkono muda wote huo mpaka bega likamwuma, alimwacha aendelee. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuwatoa watu damu katika chumba namba sita cha hospitali, na jina la Sista alizoeshwa na wagonjwa wa hapo. Mishipa aliijua kama mwenye jiko anavyoyajua masufuria yake, na huo wa kutoka kidole cha nne kwenda moyoni bila kupita popote hakuwahi kukutana nao. Lakini alikuwa na furaha, na mtu akiwa na furaha hana muda wa kubishana. Mama yake alikuwa analia kwa raha. Pete ikaingia, watu wakapiga makofi, Msomi akasaidiwa kuinuka.

Tumtendee haki: Msomi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa afisa wa bima aliyesoma kila kitu kwenye simu yake na kukiamini chote. Jina la Msomi alipachikwa na wenzake kazini, kwa kebehi, naye akalipokea kama shahada. Sista alimpenda. Kila saa ya chakula alimpigia simu kumuuliza kama amekula, na mtu wa kukuuliza hivyo si wa kuokota barabarani. Tatizo lilikuwa pete.

Hospitalini hapo hakuna muuguzi anayemtoa mtu damu akiwa na pete. Kito kinachana glavu, uchafu unajificha chini yake, na Metroni, mkuu wa wauguzi, hakuwa na mchezo katika jambo hilo. Kwa hiyo kila asubuhi Sista aliivua, akaifunga kwa pini ndani ya sare, upande wa moyo, akidhani kwa mtu anayejali ishara kiasi hicho hilo lingetosha. Halikutosha. Msomi alisema duara likivuliwa limekatika. Alisema pete haikutengenezwa ikae gizani.

"Watu wataionaje?" alilalamika.

"Kwani ni ya watu?" Sista aliuliza, na siku hiyo mazungumzo yakaishia hapo.

Jumanne asubuhi Metroni alimwita ofisini, akamsogezea fomu ya uhamisho.

"Mchumba wako alikuja jana," alisema. "Kaongea karibu saa nzima, sijui Warumi, sijui nini. Anaomba nikuhamishie mapokezi, uvae pete yako kwa raha. Mimi nikajua mmekubaliana. Ukisaini kabla ya saa sita, Jumatatu unaanza."

Sista aliitazama fomu. Jina lake lilikuwa limeshajazwa kwa mwandiko wa Msomi, herufi kubwa, nzuri. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Chumba namba sita kilikuwa chake. Watoto wachanga waliochomwa sindano na wauguzi wengine mara nne bila mafanikio waliletwa kwake, na mama zao walitoka pale wakimshika mkono. Sasa alikuwa ameombewa aondolewe huko, bila kuulizwa, kwa ajili ya kidole kimoja.

"Sijakubaliana na mtu," alisema, akaichukua fomu, akarudi kazini.

Saa tano na nusu Msomi alitokea mlangoni, kapiga tai, anatabasamu. Ndani, bibi mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameketi na kukunja mkono wa gauni. Nje palikuwa na foleni ya watu tisa, na mlango ulikuwa wazi.

"Umesaini?"

"Bado. Nieleze kwanza. Hao Warumi wako, mwanamke alivaa pete ya nini?"

Msomi akachangamka. Kuuliza historia ilikuwa njia rahisi kuliko zote ya kumfurahisha.

"Ya chuma. Ishara ya uimara. Na ishara kwamba tayari ana mwenyewe."

"Na mwanamume?"

"Mwanamume hakuvaa."

Bibi akageuza shingo. "Sasa baba, huyo mwanamume alijulikanaje kuwa ana mchumba?"

"Haikuwa lazima ajulikane, bibi."

"Ahaa. Kama sisi na mbuzi," bibi alisema. "Alama anawekwa mbuzi. Mwenye mbuzi anabaki hivyo hivyo."

Foleni ikacheka. Msomi akaharakisha kusema kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi kuna almasi. Na kwa kuwa hakuweza kukaa na jambo analolijua bila kulitoa, akaongeza kwamba hata almasi yenyewe ilienea kwa sababu wafanyabiashara waliitangaza sana, karne moja tu iliyopita, mpaka watu wakaamini hakuna uchumba bila hiyo. Alilisema hilo kwa fahari kabisa.

"Basi tuvae wote," Sista alisema. "Kesho nakununulia na wewe yako."

Msomi akacheka, tena kwa dhati. "Mimi? Mimi ya nini? Mimi najulikana."

Safari hii foleni haikucheka. Sista alimsubiri aongeze neno, hata moja, la kuifuta kauli ile. Msomi akatazama saa yake, akasema muda wa fomu unakwisha.

Sista alimfunga bibi mpira mkononi, akamtoa damu, akambandika pamba, kwa sababu bibi hakuwa na kosa. Kisha akavua glavu, akafungua pini, akaiweka pete juu ya fomu na kumkabidhi Msomi vyote pamoja.

"Mapokezi kweli wanahitaji mtu," alimwambia. "Awe wa kuongea na watu kutwa nzima. Futa jina langu, andika lako."

Msomi aliikunja fomu, akaitia mfukoni pamoja na pete, akageuka kuondoka. Watu wa foleni wakampisha.

Sista alivaa glavu mpya. Roho ilimuuma, maana alimpenda mtu yule, na jioni angekuwa na kazi ya kumweleza mama yake. Akamwita anayefuata.