Kumwona Mama Kwanza

Kocha Yeremia alikuwa mtoto wa wafugaji, na kwao ndama hanunuliwi mpaka mama yake aonekane. Basi timu ya mpira wa kikapu ya Buzuruga ilipotaka wachezaji wake wawili ili impe Owiti, kijana wa miaka kumi na sita, alimwomba kocha wao, Josephat, ampeleke kwanza Mabatini kwa mzazi.

Mama Owiti alikuwa ameketi akikaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Akainuka kuwakaribisha, akazidi kuinuka, mpaka kichwa kikagusa bati la kibanda. Yeremia alijikaza asicheke kwa furaha.

"Haya, chukua hao wawili," alisema walipotoka.

"Watatu," Josephat akajibu. "Hata mimi nimechunga ng'ombe. Mtu akishaomba kumwona mama, ameshampenda ndama."